Jinsi ya kumsaidia aliyepooza aseme tena: kuanzia jicho na ubao wa silabi hadi kompyuta inayosoma ubongo

Siku ya tisa baada ya baba kupata kiharusi, shangazi aliinama karibu na uso wake akasema kwa sauti ya kawaida, "Kaka, kama unanisikia, tazama juu." Macho ya baba yakapanda mpaka weupe wa chini ukaonekana, yakashuka, yakatulia. Kwa siku nane tulikuwa tumesimama kando ya kitanda chake tukijadiliana kama atapona au hatapona, kwa sababu tuliambiwa kwamba hasikii lolote. Kumbe alikuwa akisikia yote.

Mwongozo huu nimewaandikia wanaomuuguza mtu ambaye akili yake ingali timamu lakini mwili umekataa kumtii: aliyepata kiharusi katika shina la ubongo (sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo), aliyevunjika uti wa mgongo sehemu ya shingo, au anayeugua ALS, ugonjwa unaoua taratibu neva zinazoendesha misuli. Tutaanza na macho, tuende kwenye ubao, kisha simu, kisha kofia ya elektrodi (vidude vidogo vinavyonasa umeme wa ubongo), na mwishoni vifaa vinavyopandikizwa ndani ya kichwa. Mpangilio huo ni wa makusudi. Watu wengi wakisikia habari za kompyuta zinazosoma ubongo huanza kuuliza bei yake na nchi zinakopatikana, ilhali kazi ya kwanza haihitaji fedha wala safari. Kila kifaa cha aina hii, hata kile cha gharama kubwa kuliko vyote, hutafuta jambo lilelile alilolitafuta shangazi: ishara moja ambayo mgonjwa bado anaitawala, na namna ya kuigeuza iwe lugha.

Tafuta ishara iliyobaki

Kiharusi kinapoharibu sehemu ya mbele ya shina la ubongo, hukata njia za neva zinazoshuka kwenda mikononi, miguuni, ulimini na kooni. Sehemu iliyo juu yake kidogo, inayoinua kope na kupandisha na kushusha macho, mara nyingi husalimika. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii huweza kutazama juu na chini hata anaposhindwa kutazama kulia na kushoto, na ndiyo maana ukimwambia "bana mkono wangu" na mkono ukabaki baridi, hujathibitisha chochote kuhusu akili yake.

Chagua wakati ambao ameamka vizuri, hajapewa dawa ya usingizi muda si mrefu, na hana homa. Futa macho yake, mvalishe miwani yake kama alikuwa akiivaa, zima redio, na usimame mahali anapoweza kukuona bila kuhangaika. Mwombe atazame juu kumaanisha ndiyo, na afumbe macho kwa muda wa kuhesabu hadi tatu kumaanisha hapana. Usitumie kupepesa kwa kawaida kuwa jibu, kwa sababu sote hupepesa takriban mara 15 kwa dakika bila kukusudia, na utajikuta unasoma jibu pasipo na jibu. Ukishauliza, subiri. Hesabu kimya hadi kumi kabla ya kurudia swali, kwa maana mwili uliojeruhiwa hujibu taratibu, na swali la pili linalomfikia kabla hajamaliza kulijibu la kwanza humvuruga.

Kisha mpime kwa haki. Andaa maswali 10 ambayo majibu yake mnayajua kwa uhakika, matano ya ndiyo na matano ya hapana, yaliyochanganywa bila mpangilio: "Wewe ni mzaliwa wa Pangani?" "Mke wako anaitwa Rehema?" "Sasa ni usiku?" Mtu anayebahatisha tu hupata wastani wa matano. Kupata tisa au kumi kwa kubahatisha hutokea takriban mara moja katika kila majaribio 93, kwa hiyo mgonjwa akifikisha tisa, na akarudia kufanya hivyo siku nyingine, mwite daktari aje aone kwa macho yake, na kiandikwe kwenye faili kwamba mgonjwa ana fahamu na anajibu. Akipata sita, usikate tamaa wala usishangilie. Jaribu tena kesho saa nyingine.

Katika jaribio hilo liko jambo moja ambalo naliomba lisirukwe. Anayesoma macho asiwe yule anayejua jibu. Mtu mmoja aulize, mwingine ambaye hamjui mgonjwa kwa undani atazame macho na kuandika alichokiona. Upendo hutuonyesha tunachotaka kukiona, na wataalamu hawakusalimika na mtego huo. Mwaka 2017 lilichapishwa andiko la kisayansi kutoka Ujerumani lililodai kwamba wagonjwa wanne wasioweza kujongesha hata jicho walijibu ndiyo na hapana kwa mabadiliko ya damu katika ubongo yaliyopimwa kwa mwanga. Baada ya uchunguzi kuhusu namna takwimu zilivyoshughulikiwa, jarida lililichapisha tangazo la kulifuta mwaka 2019. Familia za wagonjwa hao ziliishi na majibu yale kama maneno halisi ya wapendwa wao. Jibu la uongo linalowekwa mdomoni mwa mtu asiyeweza kulikanusha ni dhuluma mbaya kuliko kimya.

Tengeneza ubao wa silabi

Ndiyo na hapana ni mlango tu. Mtu anayejibu maswali yako anabaki mfungwa wa maswali uliyofikiria kumuuliza. Anahitaji herufi ili aanzishe mazungumzo mwenyewe.

Ubao wa kwanza tuliopewa ulikuwa na herufi za A hadi Z, na maelekezo yalikuwa kwamba tumsomee moja moja mpaka atazame juu. Hesabu mwenyewe kwa mpangilio wa alfabeti ya Kiswahili: kuandika "maji" kunahitaji kutamka herufi 13 kufikia m, moja kufikia a, 10 kufikia j na tisa kufikia i, jumla 33, kwa neno moja la silabi mbili. Baba alichoka kabla ya kumaliza sentensi. Shangazi, ambaye kwa miaka mingi alifundisha darasa la kwanza, aliutazama ubao ule akasema, "Huu si wa Kiswahili. Niletee kadi ya manila." Akaandika kile ambacho sote tulikiimba tukiwa na miaka saba: ba, be, bi, bo, bu.

Kiswahili kinafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia na irabu na irabu zenyewe ni tano tu. Chora jedwali lenye safu sita za wima. Tano ziwe za irabu, kwa mpangilio wa zinazotumika zaidi, yaani a, i, u, e, o. Ya sita iandikwe "peke yake", kwa ajili ya konsonanti isiyofuatwa na irabu, kama m ya "mtu" au n ya "ndugu". Konsonanti zikae kwenye mistari ya mlalo, zikigawanywa katika makundi manne yenye rangi tofauti. Kundi la kwanza liwe na mstari wa irabu tupu, kisha k, n, m, w, l. La pili: t, h, s, y, z, b. La tatu: j, g, p, d, r, f. La nne libebe zilizobaki: sh, ch, v, ny, ng', na zile zilizotoka Kiarabu kama dh, th na gh.

Sasa msomaji hutaja kundi, mgonjwa akatazama juu. Hutaja mistari ya kundi hilo, akatazama juu. Hutaja irabu, akatazama juu. Silabi "ma" inapatikana kwa kutaja mara sita: kundi la kwanza, mstari wa nne, irabu ya kwanza. Silabi "ji" nayo kwa mara sita. "Maji" imeshuka kutoka 33 hadi 12. Baada ya wiki mbili mgonjwa na msomaji huwa wameukariri ubao, na hapo kasi huongezeka yenyewe, maana hamuutazami tena, mnazungumza.

Andika kila silabi kwenye daftari papo hapo, kwa kuwa msomaji mchovu husahau upesi. Wekeni ishara ya "nimekosea", kwa mfano kufumba macho mara mbili. Pembeni mwa ubao yaandikwe maneno ya haraka yasiyopaswa kusubiri tahajia: maumivu, kiu, nigeuze, nitoe mate, hewa, baridi. Na msibahatishe neno kabla hajamaliza, isipokuwa mmemwomba ruhusa na ametazama juu. Siku ya kwanza ya ubao wa shangazi, baba alitoa "a", kisha "da". Mdogo wangu akadakia, "Dawa! Anataka dawa!" Baba akafumba macho kwa nguvu. Tukanyamaza. Zikaja "ya", kisha "m" peke yake, kisha "to", kisha "to". Ada ya mtoto. Kitindamimba wetu alikuwa kidato cha pili na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile. Sote tulikuwa tumejiandaa kusikia habari za maji na maumivu. Yeye alikuwa amelala pale akiwaza majukumu yake kama mzazi, na tangu siku hiyo hakuna aliyezungumza juu yake kana kwamba hayupo chumbani.

Jaribu simu kabla ya kitu kingine

Kama kidole kimoja, nyusi, mdomo au shingo vinajongea hata kidogo, tumieni mjongeo huo kabla ya kufikiria ubongo. Simu za Android za toleo la 12 na kuendelea zina mpangilio, katika sehemu ya ufikivu, unaoiruhusu kamera ya mbele kutambua ishara za uso kama kutazama juu, kuinua nyusi, kutabasamu au kufungua mdomo, na kuzitumia kama kubonyeza kitufe. Simu hiyohiyo inaweza kuyasoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Ifungeni kwenye kishikio imara mbele ya kitanda, muweke mwanga upande wa mbele ya uso na si nyuma yake, na mwanzoni mtumie ishara moja tu. Nawaambia hivi kwa uhakika: kwa mgonjwa mwenye jicho linalotii, kamera humpa kasi nzuri kuliko kofia nyingi za kupima ubongo.

Kofia ya elektrodi

Kuna wagonjwa ambao jicho nalo huchoka au hupotea, hasa ALS inapoendelea, na hapo ndipo umeme wa ubongo unapohitajika. Daktari Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliurekodi umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu mwaka 1924 na kuuchapisha mwaka 1929. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipendekeza utumike kuwasiliana na kompyuta. Mwaka 1988 Lawrence Farwell na Emanuel Donchin wa Chuo Kikuu cha Illinois wakaeleza namna ya kuandika kwa njia hiyo, na namna hiyo ndiyo inayofundishwa hadi leo.

Kwenye skrini kuna jedwali la mistari sita na safu sita. Mistari na safu huwakawaka kwa zamu bila mpangilio, na mtumiaji huikazia macho herufi anayoitaka huku akihesabu kimoyomoyo kila inapowaka. Ni kama kusimama kivukoni ukimtafuta mgeni wako katika umati unaoshuka: nyuso zinapita bila kukugusa, lakini yake ikitokea, kitu ndani yako hushtuka. Mshtuko huo huonekana kwenye umeme wa ubongo takriban sehemu 3 za kumi za sekunde baada ya mwako. Kompyuta ikishajua mstari uliomshtua na safu iliyomshtua, herufi iko mahali vinapokutana. Utaona kwamba huu ni ubao wa shangazi. Konsonanti kwa mlalo, irabu kwa wima, na safu ni sita vilevile.

Tatizo ni udogo wa umeme wenyewe. Juu ya ngozi ya kichwa hupimwa kwa makumi machache ya mikrovolti, yaani volti moja ikigawanywa sehemu milioni, na mshtuko tunaoutafuta ni sehemu ndogo ya hiyo. Kwa hiyo mwako lazima urudiwe mara nyingi na kompyuta ichukue wastani. Mfumo wa mwaka 1988 ulitoa takriban herufi 2.3 kwa dakika. Kila jambo la maandalizi lina lengo moja tu, kuulinda umeme huo mdogo usizamishwe na mwingine.

Mkipata nafasi ya kujaribiwa kofia hospitalini au chuoni, osheni nywele usiku uliotangulia na msipake mafuta, maana mafuta huzuia elektrodi kushika. Nywele zetu za kipilipili huinua elektrodi kutoka kwenye ngozi, na mpimaji asiye na uzoefu hulaumu kichwa cha mgonjwa badala ya kifaa chake. Zisukeni mistari iliyonyooka, kama twende kilioni, ili ngozi ionekane kati ya mstari na mstari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha mwaka 2020 muundo wa elektrodi zinazobanwa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, na walipata mguso bora kuliko kwa elektrodi za kawaida. Kabla ya kwenda, mwulizeni mpimaji anataka mistari ielekee wapi. Wakati wa kipimo, ondoeni chaja, feni na kebo za umeme karibu na kichwa, kwani umeme wa nyumbani, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, huingia kwenye waya za kofia kama mvumo. Mgonjwa asitafune wala asikaze taya kama anaweza. Kazi isizidi nusu saa bila mapumziko, na siku ya kwanza isihesabiwe, kwa kuwa kompyuta nayo inajifunza.

Jihadharini na mikanda ya bei nafuu ya kuvaa kwenye paji la uso inayouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kuendesha kompyuta kwa mawazo. Elektrodi moja au mbili kwenye paji la uso hunasa zaidi kupepesa na kukaza ngozi kuliko ubongo.

Vifaa vinavyopandikizwa

Hapa ndipo habari kubwa zinapotoka, na ni lazima zielezwe bila kutia chumvi wala kupunguza. Mwaka 2004 nchini Marekani Matthew Nagle, kijana aliyepooza baada ya kuchomwa kisu shingoni, aliwekewa juu ya ubongo, katika eneo linaloongoza mkono, kipande cha milimita 4 kwa 4 chenye elektrodi 96. Kwa kukusudia tu kuujongesha mkono uliopooza, alisogeza alama kwenye skrini, akafungua barua pepe na kubadilisha vituo vya televisheni. Mwaka 2012 zilitangazwa habari za Cathy Hutchinson, mwanamke ambaye kiharusi kilimnyamazisha karibu miaka 15 kabla. Aliuongoza mkono wa roboti ukashika chupa ya kahawa, ukamletea mdomoni, akanywa. Mwaka 2017, mjini Cleveland, Bill Kochevar alitumia ubongo wake kuamsha misuli ya mkono wake mwenyewe kwa elektrodi zilizowekwa ndani ya misuli hiyo, akajilisha. Na mwaka 2023, Lausanne nchini Uswisi, Gert-Jan Oskam, Mholanzi aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya baiskeli, alitembea kwa vifaa viwili vinavyozungumza: kimoja juu ya ubongo, kingine juu ya uti wa mgongo chini ya jeraha.

Vifaa hivi havisomi mawazo. Vinasoma kusudio la kujongea. Mtu anapokusudia kuinua mkono, seli za eneo la mjongeo hufanya kazi yake hata kama amri haifiki mkononi, na kompyuta hujifunza kulinganisha mpigo wa seli hizo na kusudio lenyewe. Usemi nao ni mjongeo, wa ulimi, midomo, taya na koromeo. Mwaka 2023 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford lilimwezesha Pat Bennett, mwenye ALS, kutoa maneno 62 kwa dakika, na kundi la Chuo Kikuu cha California, San Francisco, likamwezesha Ann Johnson, aliyepata kiharusi, kufikia 78. Mwaka 2024 kundi la Chuo Kikuu cha California, Davis, lilieleza habari za Casey Harrell, mwenye ALS pia, ambaye maneno yake yalitambuliwa kwa usahihi wa asilimia 97.5 na kusomwa kwa sauti iliyotengenezwa ifanane na yake ya kabla ya ugonjwa.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuitazama habari hiyo kwa makini. Mifumo hii hutambua sauti za lugha moja moja, kisha programu ya lugha hukisia maneno kutoka katika orodha. Orodha ya Harrell ilikuwa ya maneno 125,000 ya Kiingereza. Kiswahili hakihesabiki hivyo. "Hatutakuelewa" ni neno moja kwetu na sentensi nzima kwao, na kitenzi kimoja huzaa maumbo mengi kuliko orodha yoyote. Mfumo wa Kiswahili utahitaji kujengwa juu ya silabi na viambishi, na utahitaji maandishi na sauti nyingi za Kiswahili cha watu halisi. Kwamba lugha si kikwazo cha ubongo wenyewe kumeonyeshwa: mwaka 2024 kundi la San Francisco lilieleza mfumo uliomwezesha mtu mmoja, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kihispania, kutumia Kihispania na Kiingereza kwa kifaa kilekile kilichopandikizwa.

Gharama ya mwili nayo isifichwe. Katika mifumo mingi niliyoitaja, fuvu hufunguliwa, na kichwani hubaki tundu la chuma la kuchomekea waya, ambalo lazima lisafishwe daima lisiingize vijidudu. Ishara hufifia kadiri muda unavyopita. Mtu wa kwanza aliyepandikizwa kifaa cha kampuni ya Neuralink, Januari 2024, alikuwa na elektrodi 1,024 zisizo na waya wa nje, lakini baada ya wiki chache baadhi ya nyuzi zinazobeba elektrodi hizo zilijitoa kwenye ubongo na programu ikabidi irekebishwe. Kampuni ya Synchron hupitisha kifaa chake kwenye mshipa wa shingo mpaka kwenye mshipa ulio kando ya ubongo bila kufungua fuvu. Hatari hupungua, lakini elektrodi ni 16 tu na mtumiaji hupata kubofya na kuchagua, si usemi.

Yapo mambo matatu ambayo familia inaweza kuyafanya sasa, na yote yana faida hata kama kifaa hakitapatikana kamwe. Mgonjwa wa ALS arekodiwe sauti yake mapema, ikiwa ingali safi: asome, asimulie, awaite watoto kwa majina, na zile jumbe za sauti zilizoko kwenye simu za ndugu zikusanywe na kuhifadhiwa mahali pawili. Viungo vinyooshwe kila siku kwa maelekezo ya mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa sababu mkono uliojikunja na kukakamaa hautafunguliwa na umeme wa aina yoyote. Na mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, kwani kidonda cha mgongo huua watu ambao ubongo wao ulikuwa mzima kabisa. Kwa Tanzania, pa kuanzia kutafuta wataalamu hao ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, hospitali ya KCMC ya Moshi na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam. Kwa Kenya, ipo hospitali ya taifa ya rufaa ya majeruhi wa uti wa mgongo jijini Nairobi.

Mkialikwa kwenye utafiti

Vifaa vya kupandikizwa nilivyovitaja bado viko katika majaribio ya kitabibu. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba anaviuza, au akidai malipo ili mgonjwa aingizwe kwenye majaribio, acheni mazungumzo hapo. Utafiti wowote wa afya unaofanyika Tanzania lazima uwe na kibali cha maadili kinachotolewa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati inayotambuliwa nayo, na vifaa tiba vinavyojaribiwa husimamiwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Ombeni kuviona vibali vyenyewe, si kuambiwa kwamba vipo.

Ulizeni kifaa kitafanya kazi kwa lugha gani. Ulizeni nani atakitunza utafiti ukiisha, na nani atalipia kukitoa kikileta maambukizi. Wapo watu katika nchi tajiri waliobaki na vifaa vichwani baada ya kampuni kufilisika. Ulizeni kumbukumbu za ubongo wake zitahifadhiwa wapi na zitaonwa na nani. Ulizeni pia atarudi lini nyumbani, kwa maana mtu anaweza kupewa maneno 60 kwa dakika mahali ambapo hana wa kuzungumza naye.

Ridhaa itoke kwake. Asitie saini mwana wala mke kwa niaba ya mtu anayeweza kutazama juu. Asomewe maelezo kwa Kiswahili, sehemu ndogo ndogo, na baada ya kila sehemu aulizwe maswali ya kupima kama ameelewa, mengine ya ndiyo na mengine ya hapana, kama yale 10 ya mwanzo. Apewe ubao aulize yake. Kisha aulizwe uamuzi wake siku mbili tofauti, mara moja ndugu wakiwa nje ya chumba, na asiyejua ndugu wanataka nini ndiye ayasome macho. Akifumba, jibu ni hapana, na ubishi uishie hapo.

Na hata siku kofia au kifaa kitakapofika, msiutupe ubao wa manila. Umeme hukatika, programu hukwama, fundi huwa mbali. Ubao utundikwe kwenye upande wa kitanda unaoonekana na kila anayeingia, na juu yake yaandikwe kwa herufi kubwa, kwa ajili ya muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kumwona mgonjwa huyu: "Anasikia kila kitu. Ndiyo, anatazama juu. Hapana, anafumba macho. Subiri hadi kumi."